Kibofu kipya kinatoka wapi?

SIMU ilinijia Jumanne moja adhuhuri nikiwa nasahihisha tasnifu ya mwanafunzi wangu. Aliyepiga ni daktari kijana ambaye nilimjua tangu akiwa mtoto wa jirani hapa Njoro. “Prof, njoo utusaidie,” aliniambia. “Tuna mgonjwa amekataa kutia sahihi. Sote tunaona tumemweleza, lakini yeye anasema hajaelezwa kitu.” Sikuona mhadhiri wa isimu angesaidia nini katika wadi ya upasuaji. Nilikwenda hata hivyo, na ninayoyaandika wiki hii yametokana na saa tatu nilizokaa huko. Hospitali yenyewe sitaitaja. Kosa nililolikuta lingeweza kutokea popote, na kwa kiasi fulani ni kosa letu sisi watu wa lugha.

Nilipewa fomu ya idhini. Kiswahili chake kilikuwa sanifu na upatanisho wa kisarufi haukuwa na dosari. Iliandikwa hivi: “Mgonjwa atatengenezewa kibofu kipya na mrija wa mkojo utahamishwa.” Ingekuwa kazi ya mtihani ningeipa alama zote.

Mgonjwa alikuwa mama wa miaka thelathini na kitu, kutoka upande wa Baringo. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, mbali na wenzake, kama anavyoketi mtu aliyezoea kujitenga. Nilimsalimia, nikamwambia mimi si daktari, mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Akaniangalia kwa muda, kisha akauliza swali ambalo nimelifanya kichwa cha makala haya.

“Mwalimu, hebu niambie wewe. Hiki kibofu kipya kinatoka wapi? Ni cha mtu amekufa, ama ni cha plastiki?”

Hakuna aliyecheka. Daktari wangu aliangalia viatu vyake.

Msomaji ambaye hajakutana na maradhi haya anahitaji kuelezwa kidogo. Mama huyo alipata uchungu wa uzazi wa kwanza akiwa na miaka kumi na saba, na ulimshika kwa siku tatu nyumbani. Kichwa cha mtoto kinapokwama muda mrefu hivyo, hukibana kibofu dhidi ya mfupa wa nyonga. Damu haifiki tena katika nyama iliyobanwa, nayo hufa. Baada ya siku chache nyama hiyo hubanduka na kuacha tundu kati ya kibofu na uke. Tangu hapo mkojo haungoji ruhusa ya mwenyewe, unavuja usiku na mchana. Mtoto aghalabu huwa amekufa. Mara nyingi mume naye huondoka, na jirani wa kwenye matatu huhamia kiti kingine.

Tundu hilo ndilo fistula. Katika Kilatini neno hilo lina maana ya mwanzi, bomba au filimbi ya tete. Kiswahili pia kina neno nasuri, tulilolichukua kutoka Kiarabu, ingawa wengi hulichanganya na bawasiri, ambalo nalo ni la Kiarabu lakini lina maana nyingine kabisa. Nchini Kenya wahudumu wa afya husema fistula, na wagonjwa wenyewe husema “ule ugonjwa wa kuvuja”. Mimi sina ugomvi na jina lolote kati ya hayo. Mgonjwa analijua tundu lake kuliko anavyolijua mwanaleksikografia.

Fistula nyingi huzibika. Nasema hili mapema ili asiwepo dada anayesoma hapa, au kaka mwenye dada anayejificha nyumbani, akadhani kila fistula huishia kwenye upasuaji nitakaoueleza. Mjini Eldoret ipo hospitali ya Gynocare, iliyoanzishwa na Dkt Hillary Mabeya, ambayo kazi yake kubwa ni hii. Hospitali Kuu ya Kenyatta na shirika la Amref yamekuwa na kambi za upasuaji wa fistula kwa miaka mingi. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 23 Mei kila mwaka kuwa siku ya kuikumbusha dunia kuhusu maradhi haya. Fundi mzuri akilishona tundu vyema mara ya kwanza, mama hurudi nyumbani akiwa mkavu.

Wapo wachache lakini ambao kibofu chao kimeharibika kiasi kwamba hakuna cha kushona. Kimesinyaa kikawa kama ganda, au njia ya mkojo yenyewe imekwisha, au wameshonwa mara tatu, mara nne, na kila mara pakaachia. Mama niliyemkuta alikuwa ameshonwa mara tatu. Kwake, madaktari walikuwa wamefikiria njia ya mwisho: kuuondoa mkojo kwenye kibofu kabisa na kuuelekeza ndani ya utumbo mpana, uwe unatoka pamoja na choo kikubwa.

Rudia sentensi hiyo, msomaji, kisha ulinganishe na ile ya fomu. Fomu ilisema “kibofu kipya”.

Niwatendee haki waliotafsiri. Figo ni mbili, na kila moja hutoa mrija mwembamba unaoshuka hadi kwenye kibofu. Katika upasuaji huu mirija hiyo miwili hukatwa mahali inapoingia kibofuni na kushonwa kwenye sehemu ya chini ya utumbo mpana, ile iliyojipinda kama herufi S, karibu na puru. Wapasuaji wa siku hizi hawashoni tu wakaondoka. Huupasua utumbo kwa urefu, wakaukunja na kuushona upya ili uwe mfuko mpana usio na shinikizo kubwa, maana utumbo una desturi ya kujiminya, na ukijiminya juu ya mkojo utausukuma urudi kwenye figo. Mbinu hii ilibuniwa na madaktari wa Mainz, Ujerumani, mapema miaka ya 1990, na inaitwa Mfuko wa Pili wa Mainz. (Mainz ni mji alikozaliwa Gutenberg, yule wa mtambo wa kupigia chapa, ila hilo ni la makala nyingine.) Basi mpasuaji akisema anatengeneza kibofu kipya hadanganyi. Anauona ule mfuko kwa macho yake. Mgonjwa hauoni. Yeye anakijua kibofu kwa namna nilivyokijua mimi utotoni: mbuzi akichinjwa tulikigombania, tukakipuliza kikawa mpira, tukaupiga teke hadi jioni. Kibofu ni kitu, kina mahali pake mbele, na kina mlango wake. Ukimwambia utampa kipya, anatarajia kitu, mahali pale pale, na mlango ule ule.

Wanafunzi wangu hujifunza kwamba tafsiri sisisi huharibu mashairi. Siku hiyo niliona inavyoweza kumharibia mtu uamuzi wa maisha yake.

Neno la pili la fomu lilikuwa na balaa zaidi, nalo ni mrija. Kiswahili chetu cha hospitali hutumia “mrija wa mkojo” kwa vitu vitatu: ule unaotoka kwenye figo, ile njia ya mwisho ambayo mkojo hutokea nje, na hata ule mpira ambao muuguzi humtia mgonjwa baada ya upasuaji. Mama huyu alikuwa ametiwa mpira mara tatu, majuma kadhaa kila mara. Aliposoma, au tuseme aliposomewa, kwamba “mrija wa mkojo utahamishwa”, alielewa kwamba watauchomoa mpira huku na kuuchomeka kule. Alikuwa na kila sababu ya kuelewa hivyo. Tangu siku hiyo mimi husema “mirija ya figo” kwa ile miwili ya juu, “njia ya mkojo” kwa ile ya chini, na mpira nauita mpira. Mrija wenyewe kwa asili ni ule wa kunywea, kama wa wazee walioketi kukizunguka chungu cha busaa. Kwa hiyo umbali kati ya mrija wetu na fistula ya Warumi si mkubwa: yote mawili ni tete lenye tundu. Lugha mbili zisizojuana ziliokota mmea ule ule.

Upasuaji wenyewe una umri mkubwa kuliko mji wa Nakuru. John Simon, daktari wa London, aliufanya kwa mvulana wa miaka kumi na mitatu aliyezaliwa na kibofu kilicho wazi, akauandika katika jarida la Lancet mwaka wa 1852. Mvulana aliishi takriban mwaka mmoja tu. Kwa miongo mingi baada ya hapo tatizo lilikuwa moja: uchafu wa utumbo ulipanda kwenye mirija na kuozesha figo. Mwaka wa 1911 Mmarekani Robert Coffey alionyesha kwamba mrija ukilazwa kwanza ndani ya ukuta wa utumbo, kama bomba linalopita chini ya barabara kabla ya kufunguka upande wa pili, utumbo ukijaa huubana na kuufunga, na kinachotaka kupanda hakipandi. Katika Ulaya na Marekani upasuaji huu ulififia baada ya 1950, wakati Eugene Bricker alipoeneza njia ya kuutoa mkojo tumboni hadi kwenye mfuko unaobandikwa juu ya ngozi.

Mbona basi usibandikwe mfuko huo hapa kwetu? Daktari wangu alinijibu kwa swali: utaununua wapi Marigat? Mfuko hubadilishwa kila baada ya siku chache, maisha yote. Ukikosekana, mama anayevuja uke atakuwa sasa anavuja tumbo. Ndiyo maana njia iliyoachwa na matajiri imeendelea kutumika katika ukanda wetu. Mwaka wa 2009 kundi la madaktari lilichapisha ripoti kuhusu Mfuko wa Pili wa Mainz Afrika Mashariki, kwa wanawake wenye fistula isiyozibika na kwa waliozaliwa na kibofu kilicho wazi. Mwaka mmoja kabla yao, Lewis Wall, Steven Arrowsmith na Brian Hancock walikuwa wameandika kuhusu maadili ya jambo hili: je, ni haki kumfanyia mwanamke upasuaji unaohitaji uangalizi wa maisha mahali ambapo uangalizi huo haupo? Nimelisoma swali lao mara nyingi. Sioni kama linajibika bila kwanza kujibu lile la mama wa Baringo.

Yapo masharti. La kwanza ni msuli wa njia ya haja kubwa. Huo ndio utakaouzuia mkojo sasa, na kama uliraruka wakati wa uzazi, au kama kuna tundu jingine kati ya puru na uke, upasuaji haufai. Hupimwa kwa njia rahisi: mgonjwa hutiwa maji kwenye puru, akaambiwa atembee, aketi, apande ngazi, na aonekane kama anaweza kuyashikilia. Mama huyu aliweza.

Lakini utumbo haukuumbwa kuhifadhi mkojo. Ulio na kibofu hauna tabia ya kunyonya, ila utumbo mpana kazi yake ni hiyo hasa, kurudisha maji na chumvi mwilini. Hapa ndipo nilipoanza kuzungumza na mama kwa mifano ya kwetu. Mto Turasha ungejiendea Malewa na kuishia Ziwa Naivasha. Watu wakajenga bwawa, wakatega mabomba, na sehemu ya maji yake ikaja Gilgil na Nakuru. Yakishatumika mjini, huishia upande wa Ziwa Nakuru. Naivasha maji yake ni matamu. Nakuru haina mto unaotoka: maji hupanda na jua, chumvi hubaki. “Ukihamisha maji,” nilimwambia, “lazima uulize yanakoenda kuna nini.” Mkojo unaokaa utumboni hurudisha sehemu ya chumvi zake kwenye damu, na damu huelekea kuwa na asidi kupita kiasi. Mgonjwa huchoka, hukosa hamu ya chakula, hupumua haraka, na hali ikiachwa mifupa hudhoofika. Dawa yake ni ya familia moja na magadi, tembe za sodiamu bikaboneti, pamoja na kunywa maji mengi na kwenda msalani kila baada ya saa tatu au nne, usiku pia. (Naomba msomaji asikimbilie magadi ya kupikia githeri. Kipimo ni cha daktari, kwa kupima damu.)

La mwisho ndilo zito. Pale mrija wa figo unaposhonwa kwenye utumbo panaweza kuota saratani, kwa kawaida baada ya miaka kumi, ishirini au zaidi. Si kila mtu atakayeipata, lakini hatari ni kubwa kiasi kwamba kuanzia mwaka wa kumi hivi mgonjwa anapaswa kuchunguzwa ndani ya utumbo kwa kamera kila mwaka. Mama wa miaka sabini anaweza kulipuuza hili. Huyu alikuwa na thelathini na kitu.

Fomu haikuwa na neno hata moja juu ya saratani. Nilipouliza, niliambiwa maelezo hayo hutolewa kwa mdomo.

Tafsida nayo ilitukwamisha. Muuguzi mmoja, binti mwenye adabu, alijitahidi sana: “Mama, baada ya hapo utakuwa unajisaidia kawaida.” Kujisaidia ni neno zuri mezani. Hapa lilificha jambo lenyewe, kwa sababu linaweka haja ndogo na kubwa katika kapu moja, na mama alitaka kujua ni mlango upi. Mimi nami nilikuja na istilahi yangu mfukoni, “mchepuko wa mkojo”, kutokana na kuchepuka, kuiacha njia kuu. Nilipoitamka wauguzi wakaangua kicheko. Nilikuwa nimesahau kwamba mchepuko sasa ni mpango wa kando. Niliirudisha mfukoni.

Tukaandika upya, mbele yake, sentensi kwa sentensi: “Hatutakupa kibofu kingine. Mirija miwili inayoleta mkojo kutoka kwenye figo tutaishona kwenye utumbo. Kuanzia siku hiyo mkojo utatoka nyuma, pamoja na choo, na hautarudi mbele tena. Ni kwa maisha yako yote. Kunaweza kutokea saratani miaka mingi baadaye, kwa hiyo utapimwa kila mwaka.” Hakuna aliyeyapenda maneno hayo. Muuguzi mkuu aliona ni makali. Mama alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akamwomba muuguzi mmoja anayetoka kwao amrudilie kwa lugha ya nyumbani, kisha akasema kwa Kiswahili, akinitazama mimi:

“Kumbe ni kuhamisha mkojo. Si kuleta kibofu.”

Uhamishaji wa mkojo. Nimefundisha uundaji wa istilahi kwa zaidi ya miaka thelathini na sijapata bora zaidi.

Baada ya hapo maswali yalimtoka mfululizo. Nitanuka? Daktari alimjibu kwamba mchana asingenuka iwapo msuli utashika, ila usiku anaweza kulowa kidogo, hasa miezi ya mwanzo. Nikipanda matatu kutoka Marigat hadi Nakuru? Ni safari ya saa mbili hivi, nenda msalani kwanza. Naweza kulala kwa watu, kama kwa matanga? Unaweza. Aliponyamaza nilidhani amemaliza.

“Na hii kurudi kila mwaka, nani atalipa?”

Hapo hata daktari wangu, ambaye ni mwepesi wa majibu, hakuwa na neno. Mashine ya kamera ilikuwa katika hospitali nyingine. Nauli ni yake. Alisema atauliza, na kwa kweli nilimwona akiandika.

Mama hakutia sahihi siku hiyo. Alikwenda nyumbani. Baada ya majuma matatu alirudi akiwa na dada yake mkubwa, na nilipigiwa simu, si kwa sababu nilihitajika bali kwa sababu yeye alitaka “yule mwalimu” awepo. Fomu ilisomwa mara mbili. Dada mtu, ambaye ana duka dogo na anajua thamani ya karatasi, aliuliza jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria: “Akienda dispensari ya kule kwetu aseme choo ni maji, si watampa dawa ya kuharisha?” Kweli kabisa. Kwa mwili ulio na uhamishaji wa mkojo, choo cha maji ndicho choo cha kila siku, na kuharisha kwa kweli kunapotokea ni hatari maradufu. Neno moja, mwili mwingine, maana nyingine.

Kwa hiyo tuliongeza mstari wa mwisho, tukaupiga chapa kwa herufi kubwa, na nakala ikatolewa: MKOJO WA MAMA HUYU HUPITA KWENYE UTUMBO. CHOO CHAKE NI CHA MAJI SIKU ZOTE. ASIPEWE DAWA YA KUHARISHA KABLA YA KUPIGIWA SIMU DAKTARI WAKE. Dada aliikunja mara nne, akaitia ndani ya kijitabu cha kliniki, na kijitabu akakitia kwenye mfuko wa nailoni kisilowe. Kisha mama akaomba wino wa kidole gumba.